Rili ya Mkono wa Kike

Mafuta ya cherehani yana harufu yake, nyepesi, ya chuma, yenye ubaridi fulani. Nikipita karibu na fundi wa nguo pale Harrow na mlango wake uko wazi, harufu hiyo hunikamata puani na kunirudisha jikoni kwetu, kwenye meza iliyotandikwa gazeti, Baba ameinamia rili yake, kigurudumu cha kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, anaitia mafuta tone kwa tone kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno. Aliitia mafuta kila Jumapili, hata miaka ile ambayo haikugusa maji tena. Mimi nikimcheka. Nivumilieni niwaeleze nilikuwa nikicheka nini, maana nimechoka kukibeba peke yangu.

Baba alikuwa dereva wa basi. Ni mtu wa Unguja mjini, na miaka ile ninayoisimulia alikuwa na uchovu ambao mtoto hauoni kuwa ni uchovu, kwa sababu ameukuta. Akitoka zamu hukaa kwenye kochi na koti lake mwilini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akapitiwa na usingizi hivyo hivyo. Mama alikuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee huko Stanmore, naye hurudi wakati Baba anatoka. Walipishana mlangoni wakapeana habari za friji: wali upo, mchuzi umekwisha. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao siku za kazi.

Kitu kimoja tu kilimwamsha Baba, nacho ni kuvua. Utotoni alivua kwa mkono mtupu, mshipi umezongwa kwenye kipande cha ubao. Huku Landani rafiki yake wa depo, kituo cha mabasi alikofanyia kazi, alimzoesha kwenda pwani ya Essex kutafuta besi, samaki wa bahari mwenye magamba ya fedha ambaye Waingereza wanamtukuza utadhani ana undugu na mfalme. Baba aliazima vifaa vya rafiki yake, akarudi na mashavu mekundu kwa baridi, na usiku wa siku hiyo husikii mtu analala na kiatu mkononi.

Kisha msimu mmoja wa baridi aliteleza kwenye barafu nje ya depo, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alifungwa plasta, akakaa nyumbani wiki kadhaa, plasta likakatwa, akarudi kwenye usukani. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba mkono unakubali kushika lakini kuzungusha kitu haukubali. Nilisikia tu, sikuweka maanani. Nilikuwa na miaka kumi, na kwa hesabu zangu plasta likitoka mtu amepona.

Rafiki wa depo alipohamia mji mwingine na vifaa vyake, Baba alitangaza kwamba safari hii atanunua vyake, tena si vya kubahatisha. Alitaka ufito wa kuvulia wa maana na rili ya maana. Alikuwa hajawahi kujinunulia kitu kizuri tangu nimjue. Koti lake lilikuwa la kazini na saa yake ilikuwa ya kupewa. Mama alisema, "Ufito wa thamani hiyo utavua nini, nguva?" Lakini alisema huku anacheka, na Mama hakuwa mtu wa kucheka siku za wiki.

Hapa lazima niungame jambo. Mimi nilikuwa sisemi Kiswahili. Nilikifahamu chote, nikitumwa nakwenda, nikitukanwa naelewa, lakini jibu langu lilikuwa Kiingereza, tangu siku nilipoanza skuli na wenzangu wakanicheka neno moja ambalo sasa hata silikumbuki. Baba akinisalimia kwa salamu ya Unguja, "Chechee, mwanangu," mimi namwambia "Hi, Dad." Mama alikuwa na methali yake ya kunichapia, mwacha asili ni mtumwa, akiitoa kila nikijibu kwa Kiingereza, nami nikainua mabega. Baba hakunichapa na methali. Alisubiri tu, na kungoja kwake kulinikera zaidi.

Siku moja akaniambia, "Mwanangu, Kiingereza cha dukani mimi sikiwezi. Maneno ya nyuzi na ndoana yananishinda. Twende unisemee. Mimi nitakwambia kwa Kiswahili, wewe mwambie mwenye duka, na akinijibu, unambie mimi kwa Kiswahili. Ukifanya hivyo ntakuchukua baharini." Nilikuwa nikiitaka bahari ile kuliko kitu chochote. Basi nikakubali. Kwa utoto wangu, sikujiuliza dereva wa basi anaendeshaje basi Landani bila Kiingereza.

Duka lilinuka mpira mpya na chambo cha kukaushwa. Fito zilisimama kwenye vibanio safu kwa safu, na nyuma ya meza ya kioo kulikuwa na rili zimelazwa kwenye kitambaa cheusi kama pete kwa sonara. Muuzaji alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu na sauti ya upole. Baba alivua kofia, jambo alilokuwa akilifanya kwa daktari tu.

Akaanza. Mwambie nnataka ufito mwepesi. Mwambie wa kutupia chambo cha bandia, si wa kuegesha ukangoja. Mwambie ncha iwe nyepesi lakini kiuno kigumu, maana besi akivuta, anavuta. Nilifasiri neno kwa neno na kijana akaitikia kwa kichwa, akaleta ufito wa kwanza, wa pili, wa tatu. Baba aliupima kila mmoja kwa kidole kimoja, akautikisa, akaukaribisha sikioni kana kwamba unamnong'oneza, akanipa mimi niushike shina huku yeye akivuta ncha taratibu mpaka ukapinda. Wa tatu ulipopinda alitabasamu. Ulikuwa mweusi, na mwepesi mpaka mkono unaona haya kuushika. Nadhani sijawahi kumwona Baba akitabasamu dukani kabla ya hapo.

Kisha ikaja zamu ya rili. Baba alitaka ile ndogo ya mviringo inayokaa juu ya ufito, wanayoipenda wavuvi wa besi wenye ujuzi. Akainama karibu na sikio langu, akasema polepole ili nisikosee, "Mwambie nnataka rili ya mkono wa kike."

Nami nikanyanyua kichwa, nikasema kwa sauti nzuri ya darasani, "He wants a lady's one, please," yaani anataka ya kike, ya mwanamke.

Kijana alimtazama Baba, akatabasamu tabasamu la mtu aliyeelewa siri ya nyumba. Akafungua sanduku la chini, akatoa rili ndogo, ya bei ya juu kweli kweli, iliyopambwa duara la zambarau, akaeleza kwamba hii ndiyo wanawake wengi wanaipenda, inakaa vizuri kwenye kiganja kidogo. Akaongeza kwamba rili za aina hii mpini wake hauhamishiki, na hii ni ya upande wa kulia, sijui itakuwa sawa kwake? Aliposema "kwake", alimaanisha mwanamke ambaye alidhani ndiye atakayeitumia. Mimi sikuona tatizo. Nilimgeukia Baba nikamwambia, kwa Kiswahili, mbele ya kijana na mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akichagua ndoana, sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema tangu nianze skuli: "Baba, anasema hii ni nzuri sana, lakini mpini wake haubadilishwi, uko upande huu huu wa kulia, anauliza ni sawa?"

Baba aliitazama rili. Alitazama mpini. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu kidogo, nami nilikuwa nimevimba kwa fahari, nimesimama kwa ncha za vidole. Mzee wa ndoana alisema kwa Kiingereza kwamba mtoto huyu ana akili, anasema lugha mbili.

"Ni sawa," akasema Baba. "Mwambie ni sawa sana."

Nilimwambia. Kijana aliifunga rili kwa karatasi laini. Tulipotoka Baba alininunulia chipsi, tukazila kituoni tukingoja treni, na njia nzima mpaka nyumbani nilisema Kiswahili. Nilikisema vibaya, nikavuruga ngeli zote, nikaiita treni "yeye". Hakunikosoa hata mara moja. Aliuliza tu maswali, moja baada ya jingine, kama mtu anayeogopa moto usizimike.

Mama alipoiona rili alishtuka. "Zambarau?" Baba akasema kizuri hakikosi ila.

Ahadi aliitimiza. Tukaenda Essex, mimi nimevaa soksi mbili mbili, upepo unatupiga mchanga wa mawe usoni. Baba alirusha chambo vizuri mno, kwa mkono wa kushoto ukisaidiwa na wa kulia, kikaruka mbali kikatua bila kelele. Tabu ilikuwa kuurudisha mshipi. Alizungusha mpini mara tano, sita, akasita. Akazungusha tena, akasita. Kisha akafanya jambo ambalo hata mimi mtoto nilijua si sawa: akaupindua ufito mzima, rili ikaning'inia chini, mpini ukahamia upande wa kushoto, akawa anazungusha kinyumenyume kwa mkono huo. Wavuvi wawili wa Kiingereza walitazamana. Nilipiga kelele huku nacheka, "Baba! Umeishika juu chini!" Na yeye akacheka pia, akasema nimeipatia sentensi hiyo vizuri, niirudie. Nikairudia. Besi mmoja alimpata, akapimwa, akawa mdogo kuliko anavyoruhusiwa, akarudishwa majini. Baba alimwachia kwa mkono wa kushoto.

Alikwenda mara nyingine chache, kisha msimu mmoja mzima hakwenda, kisha basi, akaacha. Ufito ulipanda juu ya kabati. Nilipokuwa na miaka kumi na tano na ulimi mkali nilimwambia mbele ya wageni kwamba alinunua kitu ghali kisha kikamchosha, kama watoto na vichezeo vya Krismasi. Alisema ndiyo, kilimchosha. Nikaendelea kumcheka kila Jumapili akiitia mafuta.

Sasa kazi yangu ni ukalimani. Nawafasiria Waswahili hospitalini, kwenye ofisi za nyumba, mahakamani, mara nyingine kwa simu nikiwa nimesimama stesheni. Ni kazi inayochosha kwa namna yake: siku nzima unasema "mimi" na huyo si wewe. Unaumwa magonjwa ya watu, unaapa viapo vya watu, jioni ukifika nyumbani huna neno lako lililobaki.

Mwaka jana nilikuwa na bibi mmoja wa Pemba, mgonjwa, mwenye mtandio wa kanga na macho makali. Daktari alimuuliza wapi panauma. Bibi akasema, "Mkono wa kike, unaniingia ganzi usiku." Miaka yote ya kazi nilikuwa sijakutana na maneno hayo; mara ya mwisho kuyasikia ilikuwa dukani, kwa Baba.

"Bibi, shikamoo, niwie radhi. Mkono wa kike ndio upi?"

Alinyanyua mkono wa kushoto, akanitazama kwa huruma. "Huu, mwanangu. Wa kuume ndio huu wa kulia chakula, wa kike ndio huu. Kwenu hawakukufunza?"

Nikamwambia daktari: left, wa kushoto.

Sikwenda nyumbani. Nilipanda treni mpaka Harrow, kwa Baba, ambaye amestaafu na hukaa dirishani akihesabu mabasi yanayochelewa. Hata sikuvua koti. Nilimwambia, "Baba, siku ile dukani uliomba rili ya mkono wa kushoto. Kwa ajili ya kile kifundo."

Alizima redio. "Naam."

"Na ulijua nimekosea."

"Nlijua palepale. Kiingereza cha lady nnakijua, mwanangu, nlikuwa nnapakia malady mia kwa siku."

"Kwa nini hukumwambia yule kijana mwenyewe?"

Jibu lake alikuwa hajawahi kulisema. "Ulikuwa hujasema Kiswahili mbele ya mtu tangu uanze skuli. Siku ile ukasema. Sasa nikukosoe mbele ya watu? Ungefunga mdomo, na mimi nisingejua tena wapi pa kuufungulia."

"Lakini ulikuwa ukiumia, Baba. Ukaacha kuvua."

"Niliumia, eh. Nikaacha." Alilisema hivyo tu, bila kulipunguza wala kulitia chumvi, na hilo ndilo lililonimaliza. Ningeweza kustahimili kama angeniambia haikuuma.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilikuwa mdomo wa baba yangu. Nimelisimulia hilo kwenye usaili wa kazi, wakalipenda. Kumbe alikuwa na mdomo wake, aliuziba yeye mwenyewe ili wangu useme, na raha pekee aliyokuwa nayo katika mji huu ikaenda na maji. Mimi nikamcheka mbele ya wageni. Mtoto wa miaka kumi sina ugomvi naye, alifasiri alichokielewa. Wa miaka kumi na tano ndiye nisiyejua la kumfanya.

Nilikaa chini nikalia, mtu mzima, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Nilitafuta la kumwambia Baba na sikulipata, si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Naye hakunihimiza. Alikaa pale karibu yangu, akangoja.