Kumtafuta Mwimbaji

Siku yangu ya kwanza kazini katika kikundi cha nyimbo za kienyeji, kule mtaa wa Rhonda, nilifika na viatu vilivyopigwa rangi na cheti cha kidato cha nne mfukoni. Kiongozi wa Kikundi, mzee mfupi aliyekuwa akikaripia hata anaposalimu, hakukitazama. Alinipa wandindi, akanionyesha mwimbaji wetu. "Kaa kando ya Mama Wanjugu. Akianza kuvumisha sauti, mtafute. Usipige wimbo wowote mpaka umpate."

Nyinyi mliozoea gitaa, nielezeni ni lugha gani nitumie mnielewe. Wandindi, fidla yetu ya Wakikuyu, ina uzi mmoja tu, unaosuguliwa kwa upinde. Shingo yake ni fimbo ndefu iliyopita ndani ya mkebe uliowambwa ngozi ya mbuzi, na juu kuna kigingi cha kukaza uzi. Kidole hugusa uzi bila kuubonyeza hadi kwenye fimbo. Haina "do" yake. "Do" ni pale mwimbaji alipoamkia siku hiyo. Akiwa na mafua, iko chini. Kwa hiyo Mama Wanjugu alivumisha sauti amefumba mdomo, mimi nikizungusha kigingi, na watu wakangoja. Huko ndiko kumtafuta mwimbaji.

Baadaye tuliajiriwa katika hoteli moja ya watalii mjini Nakuru. Meneja wa Burudani alivumilia wiki chache tu.

"Boss, hizo kelele kabla ya wimbo ni za nini?"

"Namtafuta mwimbaji."

"Si huyo hapo amekaa? Wageni wanakula. Kaza hiyo kitu ukiwa jikoni, ukitoka utoke tayari."

Alinipa nota ya kufuata kwenye kinanda cha umeme. Sikulazimishwa, nilipenda kuonekana mtaalamu. Nilichora hata alama za wino kwenye shingo ya wandindi, vidole vijue pa kwenda bila kusumbua masikio. Mama Wanjugu aliimba juu kuliko sauti yake msimu mzima, mishipa imemtoka. Jioni moja alifunga kitambaa chake kichwani.

"Leo umenivuta kama ng'ombe wa mnada," akasema. "Kesho tafuta mwingine wa kuvuta."

Nilidhani anatania. Hakurudi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa shule moja ya upili huko Mau Narok, ambako baridi hulegeza ngozi mpaka uipashe moto kwenye jiko kama chapati. Mwalimu Mkuu alitaka vikombe. "Mzee, zote zilie kama moja. Majaji hawana subira." Nikafundisha kinanda na alama. Vikombe tulipata.

Sasa nimestaafu, naishi Lanet, na kila ninaposikia wandindi za siku hizi, zote zikilia kama moja, nataka kurusha kiatu. Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mjukuu wangu, Mama Wanjugu alikubali kuimba wimbo mmoja wa kumpokea bibi harusi. Mpigaji alikuwa Kamau, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa baba wa watoto. Alikaza uzi mpaka programu ya kupima nota kwenye simu yake ikawaka kijani. Mama Wanjugu akavumisha chini kabisa. Kamau akaanza juu. Mama akakatiza. Wakarudia, vilevile.

"Kamau, mtafute!" nikafoka.

"Nimtafute wapi, guka?" akauliza, akiniita babu kwa Kikuyu. "Simu inasema niko sawa."

"Kwani simu ndiyo inaimba?"

"Si wewe ulitufundisha hivi?"

Hema zima likacheka. Mama Wanjugu hakucheka. Alikuwa ameshika mkongojo wake, anainuka kurudi kitini.

Nikamnyang'anya Kamau wandindi. Vidole vyangu, bila aibu, vilikwenda moja kwa moja kwenye alama za wino alizochora kama nilivyomfundisha.

"Mama, tafadhali. Vumisha tena."

Akavumisha akiwa amesimama. Nikalegeza kigingi.

"Uko juu."

Nikalegeza tena.

"Bado uko hotelini. Shuka."

Mshereheshaji alianza kutazama saa. Nilishuka mpaka nikaogopa uzi utakufa mkononi, na hapo nikamkuta: sauti nzito, yenye mikwaruzo, imetulia.

Mama Wanjugu akaegemeza mkongojo kwenye meza.

"Umechelewa," akasema. "Haya, anza."