Sisi, kwa Kishona

Kishona nilijifunzia kwenye lifti. Jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika huku kwa Wachina, mjane kutoka Harare aliyekuwa akinunua nguo za watoto kwenye soko la jumla la Shisanhang, alishuka kila asubuhi. Nami, mwanafunzi wa uzamivu mwenye mvi, nilishuka naye hata siku ambazo sikuwa na pa kwenda.

"Mangwanani" ni salamu ya asubuhi. Kisha huulizwa, "Marara here?" Mmelala salama? Wingi ni heshima, hata uwe peke yako. Nilipogundua kwamba r yao mara nyingi ni l yetu, nikajiona bingwa, nikajibu "Ndarara", nimelala. Akatikisa kichwa. Kwa Kiingereza, lugha tuliyoazima sote, akanieleza kwamba mtu aliyelelewa hajibu hivyo. Husema, "Ndarara kana mararawo": nimelala, ikiwa nanyi mmelala. Tangu mke wangu aondoke, nilikuwa nimezoea kulala bila kumhusisha mtu.

Siku moja nikamuuliza nimwiteje.

"Niite sisi," akasema.

Kwao sisi ni dada. Nililijua hilo kabla lifti haijafika chini, lakini sikio langu ni la Morogoro, halikutaka kuelewa. Kila nilipomwita, lilisikia mimi na yeye. Yeye aliitika tu, bila kujua ameitikia nini, nami sikumfafanulia. Nilingoja siku inayofaa.

Siku hiyo haikuja, ilikuja teksi. Binti yake huko Harare alikuwa amejifungua, na biashara ya huku ingeshikwa na mdogo wake. Hangerudi tena. Nilimshushia mabegi, tukasimama kando ya barabara dereva akiyapanga kwenye buti, na nikaona kwamba nisiposema pale sitasema tena.

"Kwetu, sisi maana yake ni mimi na wewe," nikamwambia.

Alinitazama, kisha akacheka taratibu.

"Kwetu neno hilo pia ni msichana wa kazi. Sasa muda wote huu ulikuwa unamwita yupi?"

Hakuwa akitania tu. Alingoja, mkono juu ya mlango wa gari. Nami nikaanza kumweleza kwamba ajabu ni kuwa kwetu pia msichana wa kazi huitwa dada, kwamba lugha zetu hizi, ukizichunguza vizuri, zina mfanano wa kuvutia sana. Buti likafungwa nikiwa katikati ya mfanano.

"Sarai zvakanaka," akasema. Bakini salama.

Anayebaki hujibu, "Fambai zvakanaka", nendeni salama. Nilijibu hivyo hivyo, kwa wingi wa heshima, bila kosa hata moja. Akanisifu kupitia dirisha: sasa nazungumza kama mtu wa kwao. Gari likaondoka, na mwanafunzi aliyefaulu akabaki amesimama njiani, watu wa mikokoteni wakimpigia kelele awapishe.