Kuku Aliyejulikana Utange Nzima

Juma lililopita jirani yangu wa ghorofa ya juu, hapa Changamwe, alileta jogoo. Alimfunga kamba mguuni akamweka kwenye kibaraza chake cha kuanikia nguo, akingoja siku ya kumchinja. Alfajiri jogoo akawika na jengo zima likaamka na malalamiko. Mimi niliamka na kicheko. Nilicheka kitandani hata mume wangu akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia, "Hapana. Nimemkumbuka baba."

Basi kaa nikuhadithie, maana wewe hukunijua wakati ule.

Baba yetu alikuwa mwizi wa kuku. Si mwizi wa benki wala wa magari, ambao angalau watu huwataja kwa woga. Kuku tu. Mwalimu mgeni akija shuleni na kuniuliza baba yangu anafanya kazi gani, nilikuwa namjibu kwamba anashughulika na kuku. Mwalimu aliitikia kwa kichwa akidhani ni mfugaji, na darasa zima likaziba midomo.

Tulikaa Utange, ndani kabisa, siku hizo bado kuna mikorosho na nyumba za udongo, na ua wa mtu ukiishia pale anapoanza kufagia mwenzake. Mama alichoka mapema, akarudi kwao upande wa Kaloleni, akaolewa tena, na sikumbuki kama kuna mtu aliyemlaumu. Mimi na kaka yangu, aliyenizidi miaka minne, tukabaki na nyanya, mama yake baba. Baba mwenyewe alikuwa wa kuja na kwenda.

Nyanya alikuwa mtu wa kanisa. Kila Jumapili alitufua, akatupaka mafuta ya nazi mpaka nzi wakatufuata njia nzima, na kila Jumapili aliomba baba naye aje. Siku moja ombi lake likajibiwa. Ibada ilikuwa imeshaanza, mara baba akaingia katikati ya wazee wawili wa kanisa waliomshika mikono kwa furaha. Nyanya alisogea upesi kumpisha kwenye benchi, uso unang'aa. Baba alikuwa na kiroba, akakiweka chini kati ya miguu yake.

Mchungaji akatuambia tufumbe macho. Maombi yalikuwa marefu. Tuliombea mvua, tukaombea wagonjwa, na tulipofika kwa serikali, kiroba kikawika.

Hakuna aliyefumbua macho, kwa heshima. Mchungaji akasema kwa sauti ile ile ya maombi, "Bwana, huyo ni jogoo wangu."

Baba akaitikia, "Amina."

Ikajulikana kwamba alimchukua alfajiri uani kwa mchungaji, na alikuwa njiani kumpeleka kwa mnunuzi wazee wale walipomkuta wakadhani ameokoka. Mchungaji alimsamehe palepale. Lakini kanisani mlikuwa na wengine waliopotelewa na kuku, na hao hawakuwa na wito wa kusamehe. Baba akafungwa.

Nyanya hakwenda kanisani majuma kadhaa. Watu walipokuja kumpa pole alisema, "Mimi nilizaa mtu mzima. Ule mkono aliuokota mwenyewe huko nje."

Sasa ungedhani baba akiwa ndani sisi tungepumzika. La. Kuku akipotea popote Utange, hata akiwa ameliwa na kicheche, watu walianza kwetu. Nao walikuja kwa adabu zote. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba, habari za magoti, habari za mvua. Walikaa, wakapewa chai, na huku wanakunywa macho yao yanafagia ua. Nyanya hakungoja waulize. Alifunua sufuria akainamisha waone, "Leo ni kunde," kisha akaendelea na habari za magoti yake.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote alikuwa mama mmoja aliyekuwa akipika mahamri, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kabla ya jua kuchomoza harufu ya iliki ilitoka kwake ikaingia vyumba vyote bila kubisha. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, na baba alikuwa amemmalizia kuku wake mmoja baada ya mwingine. Akija kwetu alikuwa hakai. Alisimama mlangoni, akavuta hewa kwa pua, akasema, "Haya, kwaherini," akaenda zake.

Kwa hiyo nyumba yetu haikuonja kuku. Nyoya likipeperushwa na upepo likatua uani petu, nyanya alilitia motoni kabla halijaonwa. Shuleni jina letu likiitwa, nyuma ya darasa kulikuwa na mtu wa kuwika. Kaka alipigana na wawikaji mwanzoni, akawashinda wengi, lakini hawakwisha. Mwishowe akanyamaza tu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alinyamaza kama mzee.

Aliyemtoa kwenye ukimya huo alikuwa mwalimu wetu wa kilimo, mama kutoka bara aliyehamishiwa kwetu na asiyejua habari zetu, au alijua akapuuza. Alikuwa na mazoea ya kumpa mwanafunzi mmoja kila muhula kitu cha kutunza. Kuna aliyepewa miche ya mipapai, kuna aliyepewa sungura. Ijumaa moja akamwita kaka mbele ya darasa, akamkabidhi tembe, kuku jike ambaye hajaanza kutaga. "Hii kuku ni yako," akasema, kwa Kiswahili chao cha bara. "Ikitaga, mayai yatasaidia sare ya sekondari. Chunga hiyo vizuri."

Darasa likaangua kicheko. Kaka alisimama na kuku mikononi, masikio yamemwiva.

Nyumbani nyanya alipomwona, alikaa chini. "Kuku? Katika nyumba hii? Ungeleta simba, mjukuu wangu. Simba hakuna jirani atakayesema ni wake."

"Ni wangu, nyanya. Nimepewa."

"Najua umepewa. Wao watajuaje?"

Kaka hakula usiku ule. Asubuhi nyanya alikuwa ameshakata shauri. Kuku atakaa, kwa sharti kwamba kwanza aonyeshwe. "Mtampitisha nyumba kwa nyumba, wamtazame wote, mchana kweupe. Asije mtu kesho akasema hamjui."

Basi Jumamosi tukaoga, tukavaa sare za shule, tukatoka. Kaka alimbeba kuku, mimi nikawa wa kuamkia, kwa kuwa shikamoo yangu ilisifiwa. Naye hakuwa kuku wa kusahaulika: mwekundu, miguu myeusi, na shingo haina hata nyoya moja, kama shati lililokosa kola. Kila nyumba nilisema maneno yale yale niliyofundishwa na nyanya: "Shikamooni. Huyu ni kuku wetu. Tumepewa na mwalimu. Tunaomba mmtazame."

Walimtazama hasa. Babu mmoja alitaka tumweke chini amwone mwendo. Mshona viatu wa pale kituoni alimpima uzito kwa mkono, akamsifu. Kwa mchungaji tulimkuta jogoo yule yule yuko uani, amenona, na mchungaji akatuombea sisi na kuku wetu, safari hii macho wazi.

Kwa mama wa mahamri miguu yangu ilikuwa mizito. Alitoka mikono imejaa unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyo?"

"Ni kuku wetu."

"Wenu tangu lini?"

"Tangu jana. Katupa mwalimu."

Alifuta mikono kwenye leso, akamchukua kuku, akamgeuza juu chini, akampulizia mbawa aone ngozi. Kuku alitulia, kama anayejua kwamba hapa si mahali pa utani. "Haya," akasema. "Nimemwona. Na huyo mwalimu wenu nitamuuliza, wallahi."

Na alimuuliza. Jumatatu asubuhi tulimwona akikata uwanja wa shule na buibui lake, akaingia ofisini, akatoka. Hakututazama. Lakini toka siku hiyo kuku yetu, kama alivyozidi kumwita mwalimu, akawa na jina: Kuku wa Mwalimu. Alipita ua wa watu wote, akadonoa kwa wote, akarudi kwetu jioni. Akaanza kutaga.

Baba alirudi mchana mmoja wa jua kali. Amekonda, amenyolewa, na ana adabu mpya. Alimwamkia mama yake akashika na mkono, akakaa kwenye kigoda. Kabla hatujapata la kusema, kuku akapita mbele yake. Sote watatu tukamtazama baba, na baba akamtazama kuku, vile mchezaji mstaafu anavyotazama mpira ukipita.

"Wa nani?" akauliza.

"Wangu," kaka akasema.

"Wako?"

"Wangu mimi."

Kaka alisimama wima aliposema hivyo. Nadhani alitaka baba aone fahari, na baba, kwa kweli, aliona. Walikwenda pamoja kutazama banda ambalo kaka alilipigilia kwa mbao za makasha. Baba akalizunguka, akalisukuma hapa na pale, akasema komeo lile ni la watoto, mtu anaingiza vidole viwili limefunguka. Jioni ile walitengeneza komeo jipya, baba anashikilia, kaka anagonga misumari. Nilikaa karibu kuwatazama tu. Sikuwa nimewahi kuwaona wakifanya kitu pamoja.

Tulikaa vizuri kwa muda. Kisha siku moja tukarudi kutoka shule, banda liko wazi, komeo limefunguliwa taratibu bila kuvunjwa, kuku hayupo, na baba hayupo.

Kaka aliketi chini kando ya banda, akaegemea mbao, na nilipomkaribia akaniambia, "Nenda ndani." Hakulia. Nililia mimi, kwa ajili ya wote wawili.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tuliposikia hodi. Alikuwa mama wa mahamri, buibui limejaa vumbi, kuku wetu kwapani. Kwa mkono wa pili alikuwa amemshika baba kwenye ukosi wa shati.

"Shikamoo, mama," akamwambia nyanya. "Nimekuletea kuku wenu. Na huyu naye ni wenu."

Tukapata habari yote. Baba alianza kwa mwenye hoteli ya kituoni, naye akamuuliza, "Huyu si Kuku wa Mwalimu?" Akaenda kwa mama mmoja mwenye harusi, mama akasema, "Huyu si yule aliyekuja kwangu?" Akampata mgeni asiye wa Utange, wakawa wanaelewana, mshona viatu akapaza sauti kutoka upande wa pili wa barabara. Alizunguka mchana kutwa. Kila alipogusa, kuku alikuwa ameshafika kabla yake. Mama wa mahamri alimkuta amekaa juu ya jiwe, amechoka, kuku amelala mapajani mwake.

Baba alimtazama kaka, akasema kwa sauti ndogo, "Hakuna hata mmoja aliyemtaka."

"Walimtaka," kaka akasema. "Hawakumtaka kutoka kwako."

Kisha akampokea kuku, akamrudisha bandani.

Mama wa mahamri alikaa. Ndiyo, alikaa, kwenye kigoda kile kile, na nyanya akampa chai. Aliinywa yote bila kuvuta hewa kwa pua. Alipoinuka akamwita kaka, "Njoo, mwanangu. Nina wapwa zangu wanapenda mayai. Kuanzia kesho utaniletea wewe." Kaka akaitika, "Naam, mama," na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Baba hakukaa sana baada ya hapo. Alipata kazi ya kuvunja mawe kwenye machimbo upande wa Bamburi. Alisema afadhali mawe, hayajulikani kwa sura. Aliendelea kuja sikukuu, amechanika viganja, na watu wakamwamkia vizuri, wakamuuliza hali, kisha wakaenda kufunga mabanda yao. Kama aliiba tena, mimi sikusikia. Alipofariki, mchungaji ndiye aliyemzika, na kaka ndiye aliyemshika nyanya mkono.

Kaka alikwenda sekondari, akasomea mifugo, na leo ana mabanda marefu kule kule Utange. Gari lake la mayai hupita hoteli za pwani. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda kimoja hapa Changamwe. Natembea na funguo nyingi kiunoni, na zikilia najisikia raha ambayo siwezi kumweleza mtu wa kazini.

Mwaka huu nilikwenda kumwona kaka, nikaamua kupita njia ya zamani. Mikorosho imekwisha. Kila kiwanja kina ukuta, na juu ya ukuta vigae vya chupa, na kwenye lango jicho la kamera. Siku hizi mtu akikushuku hakujii. Hanywi chai yako, haulizi magoti ya nyanya yako. Anakutazama akiwa chumbani kwake. Wale wetu walitushuku usoni, wakatoka majumbani mwao wenyewe, wakakaa kwenye vigoda vyetu. Walituchosha, lakini walitujua, na kwa kuwa walitujua waliweza kubadili mawazo.

Nilisimama mahali ilipokuwa nyumba ya tatu. Pana lango la chuma, la kijani. Askari akafungua kidirisha, akaniuliza namtaka nani. Nikamwambia namtafuta mama aliyekuwa akipika mahamri hapa. Akasema hapa ni wapangaji tu, hamjui mama huyo. Nikamuuliza kama asubuhi hasikii harufu ya iliki. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Hapana, dada," akafunga kidirisha polepole, asinivunje moyo.