Nadharia ya Dada Kuhusu Ukumbi wa Mchanga

Mwaka ule mimi na dada yangu mkubwa tulishikwa na ugonjwa mmoja: tamthilia ya upelelezi niliyonakiliwa kwenye flashi dukani kule Kavimvira. Jumapili baada ya ibada, umeme ukikubali, tuliangalia pamoja, nami nikimtafsiria kutoka Kifaransa. Ndani yake kuna hoteli. Lifti ikikosea ghorofa, inafungukia ukumbi wenye sakafu ya mchanga mweupe. Humo wamekaa watu wote waliopotea mjini, mezani, bila chakula, bila kuzeeka.

Ukumbi ule ni wapi? Kwenye simu niliingia kundi la mashabiki, watu wa Bujumbura, Bukavu, hata Abidjan. Wengine walisema ni ndoto ya mpelelezi, wengine sayari nyingine. Jirani yetu mlokole alichungulia mlangoni akasema ni kuzimu, tuzime. Mimi nilishikilia kwamba ni wakati uliosimama, na nilikuwa na michoro ya kuthibitisha. Nikibishiwa nakasirika, ndivyo nilivyo.

Dada alisikiliza tu. Miaka kadhaa nyuma mumewe alipanda milimani Bijombo kununua ng'ombe, hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari. Ndugu za mume walimsihi wakae matanga, akakataa: hajaona maiti, atamliliaje mtu? Kila jioni bado alimfunikia sahani ya bugali na samaki wa ndagala. Sahani ile ilinikera, na ilinihuzunisha.

Jumapili moja nilikuwa namwonyesha tena michoro yangu. Akaniomba ninyamaze.

"Mudogo wangu, weye unatafuta mulango mu ile otel. Haiko kule. Iko kwabo ku nyumba. Hakuna mwenye aliikala matanga ya bale bantu. Njo maana habatoke."

Nikaiandika nadharia yake kwenye kundi: hawatoki kwa sababu nyumbani kwao hakuna aliyewakalia matanga. Shabiki wa Abidjan akauliza matanga ni nini. Nilipoinua macho nimsomee dada, alikuwa analia polepole.

Dada akakubali, na matanga ya mumewe yalifanyika mwezi uliofuata. Ndugu za mume walikuja kutoka Luvungi, wakalala uani, wakaimba, na siku ya mwisho wakagawa nguo zake. Mimi nilipewa koti, linanibana mabegani.

Ilibaki sehemu ya mwisho ya tamthilia. Nikaja na flashi, nikamuuliza dada kama hataki kujua watu wa ukumbini waliishia wapi. Alikuwa anapakua chakula, sahani mbili tu, yake na yangu.

"Angalia weye," akasema. "Wa kwangu alishatoka."