Ua la Nusu katika Msahafu wa Bibi Zainabu

Mwanangu, kuna alasiri moja ambayo hata leo nikiikumbuka, uso unaniwaka moto. Nilikuwa kijana wa Kinyasa kutoka Liuli, ufukweni mwa ziwa, nimepanda milimani Mbinga kuchora mabango. Biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, maduka yanaota kila kona, na kila mwenye duka anataka jina lake ling'ae. Nikajiona fundi.

Bibi Zainabu, mjane aliyeuza vitambaa, aliniita nyumbani kwake. Alikuwa na msahafu ulioandikwa kwa mkono, urithi wa ukoo wao kutoka Kilwa. Pembezoni mwa kila ukurasa yalipita majani na maua yaliyofungamana, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa. Mchwa walikwisha kuzionja kingo, naye alitaka nizinakili nakshi zile kwenye karatasi kabla hazijapotea. Nikanawa mikono kama alivyoniagiza, akanifungulia, akaenda kuswali.

Ukurasa mmoja ulikuwa na ua lililoishia nusu: upande mmoja una rangi, wa pili mstari mtupu. Nikasema moyoni, huyu mwenzangu alichoka. Nikafungua kopo langu la rangi ya dhahabu, ile ya mabango, nikammalizia.

Bibi aliporudi, mafuta ya rangi yalikuwa yamepenya hadi upande wa pili na kutia doa juu ya maneno. Aliketi, akalitazama doa, machozi yakamtoka. Nikamwomba radhi, nikasema nilidhani mchoraji alisahau.

"Hakusahau," akasema. "Babu wa babu yangu aliandika maneno, mkewe akatia nakshi. Mauti yalimkuta akilichora ua hilo. Mumewe akaliacha hivyo, na sisi sote tukaliacha."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia naondoka, hataniona tena.

"Ukienda, mjukuu wangu, nitabaki na doa tu. Njoo kesho unakili, nami nitakueleza habari za kila ukurasa."

Basi nikawa naenda karibu kila alasiri, hadi masika yakaisha. Ua lile nililinakili nusu, kama lilivyokuwa. Siku niliyomkabidhi kazi, alilipitishia kidole polepole, akasema sasa mkono wangu umepata adabu. Nakala zile wajukuu zake wanazo. Doa nalo lipo, halikufutika.

Nisikilize, mwanangu. Ukikuta kazi ya mkono wa mwingine, iwe shamba, nyumba au desturi, ukaona pengo, uliza kwanza nani aliliacha na kwa nini. Kuuliza si ujinga. Na ukishaharibu, usikimbie. Kaa karibu na uliyemuumiza, ufanye kazi atakayokupa. Mimi nilimpata bibi kwa njia hiyo.

Mungu akujalie mikono yenye ustadi, na moyo wenye upole kuishinda mikono hiyo.