Hatua Thelathini za Kizuizini

Waasi walimpiga mdogo wangu panga kichwani akivuna kakao yake upande wa Mabalako. Walitumia bapa, sijui kwa huruma au kwa haraka, akaokoka, akabaki na kovu pale ngozi ilipopasuka. Ila alitoka hospitalini Butembo akiyumba kama mlevi, yeye ambaye hajawahi hata kuonja pombe ya ndizi.

Alipokuwa bado kitandani, mke wake alijifungua huko Mabalako. Mtoto wa kwanza. Ili amwone ilimpasa kupita kizuizi cha askari kabla ya Beni, na pale kila abiria hushuka kwenye pikipiki na kutembea kwa miguu, hatua kama thelathini, mbele ya bunduki. Mara ya kwanza, mimi nikimsindikiza, alifika hatua ya kumi, akapepesuka.

"Weye, uko mulevi na asubui yote hii?" askari akamfokea. "Tembea droit, bila kuyumba!"

"Chef, hapana kumupiga, ni mugonjwa!" nikapiga kelele.

Kitako cha bunduki kilimshukia begani, kisha mbavuni, kisha mdomoni. Tulirudi Butembo akitema damu njia nzima, na mimi nina hasira nisiyojua pa kuiweka.

Kazi yangu ni kuwazoeza wagonjwa kutumia viungo upya. Wiki ileile daktari mgeni alikuja kutufundisha juu ya utafiti wa wanaanga. Wakirudi kutoka angani, alisema, nao huyumba kama watu waliopigwa kichwa: sikio la ndani linatuma habari, ubongo hauiamini. Basi husimamishwa juu ya kitu laini, macho wamefumba, wakageuza shingo kulia na kushoto mpaka ubongo ukubali. Kwenye picha zake wanaanga walipokewa kwa viti na mablanketi. Nilitamani kuzipasua zile picha. Lakini mazoezi niliyachukua.

Nikatandaza godoro uani kwetu Vulamba, mlemle Butembo. Kila asubuhi: funga macho, geuza kichwa, tena! Alitapika, alianguka, nikamwinua kwa ukosi wa shati. Siku moja akakaa chini.

"Yaya," akaniita, kama mdogo amwitavyo mkubwa wake, "niache. Mutoto atakuya kuniona akisha kukomala."

Nikamzaba kofi. Nikamzaba la pili, upande uleule wenye kovu, na la tatu. Sikuwa namfundisha kitu. Nilikuwa nampiga yule askari, na mkono wangu uliona utamu. Hakulia. Alisimama, akapanda tena godoro, na toka siku hiyo hakuomba kupumzika.

Tuliporudi kizuizini alitangulia, mimi nyuma nikihesabu kimoyomoyo. Hatua ya kumi na sita bega lilimcheza. Askari akainua uso, akamtazama, akamwacha. Ishirini. Ishirini na tano. Thelathini! Furaha ilinipanda, nikamkimbilia nimeinua mikono nimkumbatie.

Akajikunyata palepale, akafunika kovu kwa viganja viwili.

"Yaya, nilitembea muzuri," akasema haraka. "Nilitembea muzuri."