Nilimtengea Baba Mkwe Kikombe, Wakasikia Ametengwa

Wasomaji wenzangu, leo naleta langu, mradi jina langu lifichwe, maana mtaa wetu wa Makongeni kuta ni nyembamba na masikio ni mengi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na miwili, nimeolewa, nina watoto wawili. Nikiandika kwa hasira mnisamehe, kwa sababu ninayo.

Mwaka jana baba mkwe wangu alitoka Ukambani akaja kukaa nasi. Ni mchongaji wa vinyago, mtu wa maneno machache, na alifika amekonda hadi suruali inamvuka. Mimi na mume wangu tukampeleka hospitali, na daktari akatuambia sote watatu kwamba ni ugonjwa wa sukari. Chai anywe bila sukari, ugali apimiwe, mafuta na chumvi kidogo, mboga kwa wingi. Hapakuwa na neno la kutatiza pale. Mume wangu ni karani, na alielewa kunishinda.

Kazi ya jikoni ni yangu, basi mzigo ukaniangukia. Mwanzoni nilipikia nyumba nzima chakula cha mzee. Watoto wakanuna, mboga ya sukuma ikabaki sahanini, na mume wangu akaniuliza kama sasa sote tumelazwa. Nikabadilisha. Nikawa napika sufuria moja ya ndengu, au muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa yakapikwa pamoja na maharagwe, namtolea mzee fungu lake kabla sijaunga, kisha wengine nawatilia mafuta na chumvi wanavyopenda. Shida ilibaki kwenye chai. Binti yangu mdogo ndiye hupenda kutia sukari vikombeni, na vikombe vyetu vya bati vyote vinafanana. Nikachukua rangi yangu ya kucha, nikatia tone jekundu kwenye mkono wa kikombe cha mzee.

Jamani, tulikula vizuri siku hizo. Meza moja, chakula kimoja, kila mtu na kinachomfaa. Mzee akapata nguvu kidogo, akawa anawatania watoto kwamba ndengu zake ni tamu kuliko zao, nao wanagombania kuzionja.

Kisha jirani mmoja akaja kuomba chumvi nikiosha vyombo. Akaona lile tone, akauliza ni la nini. Nikamjibu bila kufikiri kwamba hicho ni cha mzee, ametengewa. Mimi nilisema ametengewa, yeye akasikia ametengwa. Na mnajua siku hizi mtu akikonda kisha awe na kikombe chake peke yake, watu hawatafuti maelezo, ni UKIMWI tu. Nikamweleza habari ya sukari mpaka koo likakauka. Akanishika bega akasema, "Ni sawa, Mama. Hata sisi dada yangu alipougua tulikuwa tunasema ni kifua."

Haukupita muda, mferejini nikifika maneno yanakatika. Wazee waliokuwa wakicheza drafti na baba mkwe wakaacha kuchota ugoro kwenye kibuyu chake. Hakuna aliyemtukana, walikataa tu kwa upole, na upole huo ndio uliommaliza. Akaanza kubeba sahani yake kwenda kula kitandani. Siku moja binti yangu akanyoosha mkono achukue kiazi cha babu yake, mzee akaivuta sahani kwa nguvu hata mtoto akalia. Jioni hiyo akaniita.

"Mama, wewe huwa hunidanganyi. Mimi niko na huo ugonjwa wa siku hizi?"

Nikamwapia kwamba hana. Nikaifuta ile rangi mbele yake, nikaona nimeharibu zaidi, kwa sababu aliniangalia kama mtu anayefichwa jambo. Ningekula naye sahani moja aamini, lakini kwetu mkaza mwana hagusi chakula cha baba mkwe, ni aibu kubwa, na ningekuwa nimemvunjia heshima ile kidogo aliyobaki nayo.

Nikamwendea mume wangu. Nikamwambia, wewe ni mwanawe, kunywa chai kwenye kikombe chake akiona, yaishe. Akakubali. Jumapili nikamrudisha mzee mezani kwa kubembeleza, nikamimina chai, mzee akanywa kidogo. Mume wangu akakichukua kile kikombe, akakiinua hadi karibu na mdomo. Akakirudisha mezani. Akasema ameshiba.

Mzee akasema taratibu, "Mwache, Mama. Hata mimi ningeogopa."

Jikoni nilimuuliza mume wangu alikuwa na nini, na yeye alikuwa nasi kwa daktari. Akanijibu bila kuniangalia, "Na kama daktari alikosea?"

Tangu siku hiyo mzee anakunywa chai ya sukari tele kwenye kibanda cha chai cha nje, na maandazi juu. Nikimkataza ananijibu kwamba anayekufa hanyimwi kitamu. Kidole cha mguu kimeanza kuwa cheusi, na hospitali hataki kusikia. Mume wangu anakula kichwa chini. Daktari nilimsikia vizuri, kupika napika, lakini wa kunisaidia kumrudisha baba wa watu mezani simwoni.

Ninyi mliopitia haya, msinicheke. Mtu anayeogopwa na mwanawe mwenyewe, mimi wa kuolewa nitamwambia nini aniamini? Nishaurini, nifanye nini?